Kabla ya kununua prosesa ya kompyuta ya madrasa

Michango ya wazazi haipatikani kwa urahisi, na ikishapatikana huwa ni amana. Tuchukulie madrasa, au familia, hapa Sombetini jijini Arusha, yenye kompyuta ya mezani ya mtumba iliyokuwa nzito. Fundi ameshauri inunuliwe prosesa yenye kashe kubwa zaidi. Je, fedha ziende huko?

Kashe ni kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Mpishi huweka chumvi kando ya jiko na unga stoo; kilichokosekana hukifuata sokoni Mbauda. Kashe ndiyo chumvi ya kando ya jiko, RAM ni stoo, na hadi diski ndiyo soko. Kashe hujibu kwa nanosekunde chache, RAM kwa makumi ya nanosekunde, ilhali hadi diski ya kuzunguka huchukua milisekunde kadhaa, yaani mamilioni ya nanosekunde.

Fundi hakusema uongo. Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa za kwanza za Celeron bila kashe ya ngazi ya pili. Zilionekana nzito, na mwaka huohuo ikatoka Celeron 300A yenye kashe ya kilobaiti 128. Hata katika mashine za soketi ya LGA 775, Core 2 Duo E7500 ina gigahezi 2.93 na E8400 ina gigahezi 3. Kasi zao zinakaribiana mno, lakini ya kwanza ina kashe ya megabaiti 3 na ya pili 6. Mwenye kuhariri video huenda akaiona tofauti hiyo. Anayechapa mitihani ya madrasa ni shida kuiona.

Kwa rai yetu, itazamwe kwanza RAM. Ikiwa ni gigabaiti 2, iongezwe kadiri mazabodi inavyokubali, kisha hadi diski ibadilishwe iwekwe SSD, kwani safari za sokoni ndizo zinazomchelewesha mpishi. Prosesa ije mwisho, tena baada ya kuhakikisha mazabodi na BIOS yake zinaikubali, maana kashe haiuzwi peke yake.

Lipo na hili la Windows. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Core 2 Duo haimo katika orodha ya prosesa za Windows 11, kashe yake iwe kubwa namna gani. Kwa mashine hizo, Linux hupatikana bure.