Wingu la Mashariki

Kuanzia mwishoni mwa Oktoba, Ugogoni hakuna mtu mzima. Mzee mwenye wajukuu, ambaye hakuna shauri la ukoo linalokatwa bila yeye, ataacha mazungumzo ya mahari yakining'inia ili atoke uani kutazama wingu. Atarudi, akae, kisha atatoka tena. Hakuna anayemcheka, maana wageni nao wamekwisha kunyanyuka kumfuata. Wingu lenyewe mara nyingi ni kipande tu upande wa mashariki, na ikifika jioni upepo umeshalichukua.

Dodoma, kitovu cha Ugogo, haina vuli na masika kama Pwani. Ina msimu mmoja, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na mwaka wa kawaida hutoa milimita kati ya 500 na 600 hivi. Miezi mingine ni vumbi, miiba na upepo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mwelekeo wa mvua za msimu kabla hazijaanza, na wazee huusikiliza redioni kwa makini. Wakiambiwa mvua itakuwa "wastani hadi chini ya wastani", hutikisa kichwa, kisha huenda kutazama mibuyu kama imeanza kuchipua. Sioni ubaya wa kuuliza mashahidi wawili.

Kungoja huku kuna kazi zake. Shamba huberegwa: magugu na mabua ya mwaka jana hukwanguliwa juu juu bila kulima, likabaki jeupe. Wapo wanaotia mbegu za uwele mavumbini kabla tone halijaanguka. Huo ni mchezo wa bahati, kwa sababu mvua ya kudanganya ikinyesha siku moja na kukatika, mbegu huota na kufa. Kila mkulima analijua hilo, na bado kuna wanaopanda, kwa haraka ileile ya mtoto anayevaa nguo ya sikukuu usiku wa kuamkia sikukuu. Nyumba nayo haisahauliwi. Paa la tembe ni miti, fito na udongo uliolazwa bapa, na nyufa za kiangazi sharti zizibwe mapema. Siku hizi mabati yameenea. Yanasaidia, ingawa aliyelala chini ya tembe bovu ndiye aliyepata habari za mvua kwanza, shingoni.

Zamani subira hii ilikuwa na mwenyewe. Kila nchi ya Wagogo ilikuwa na mtemi wake, mtunzaji wa mawe ya mvua na kiongozi wa matambiko. Rangi nyeusi ilipendwa katika matambiko hayo kwa kuwa ndiyo rangi ya wingu lililobeba maji. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi Ugogoni mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika pia jinsi, mambo yalipoharibika, kama ng'ombe walipopatwa na maradhi, wanawake walivyovaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha zao na kuchunga mifugo, kisha wakacheza kwa kishindo hadi mpakani magharibi ili kuutupa mkosi huko. Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa machifu. Amri hiyo haikuweza kuwafuta watu wanaotoka uani kutazama mashariki.

Mtu wa nje anaweza kudhani furaha hii ya kungoja mvua ni ya watu wasiojua kinachoweza kutokea. Wanajua mno. Njaa za Ugogo zimepewa majina. Iliyo mbaya kuliko zote inaitwa Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, wakati majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalipokwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, na ukame ukaja juu yake. Mtoto hungoja kwa raha kwa sababu hajawahi kunyimwa. Mzee wa Mvumi au Bahi amenyimwa mara nyingi, na bado moyo humruka kwa wingu dogo. Mimi naona raha yake ndiyo nzito zaidi.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mji umejaa watu wa Dar es Salaam, ambao kwao mvua ni foleni na bonde la Jangwani kujaa maji. Mvua ya kwanza ikidondoka wao hukimbilia vibarazani. Wenyeji hutoka. Mama mwenye genge huacha nyanya zake zilowe, bodaboda huzima pikipiki na kukunjua viganja, watu wanasalimiana "Mbukwenyi!" huku maji yakiwatiririka machoni. Usiku kumbikumbi hufuata taa, na wakubwa kwa wadogo hushindana kuwakusanya. Siku chache baadaye mlenda mbichi unachipua, na ule mkavu wa kiangazi unasukumwa kando bila shukrani.

Kisha, kuelekea Februari, mvua hukatika tena kwa siku kadhaa, wakati mwingine kwa wiki. Uwele umefika magotini na majani yanajikunja. Hapo hakuna anayekatisha mazungumzo kutoka nje, na wingu likipita hawaligusii. Watu hupima kilichobaki kwenye kihenge, huulizana bei ya gunia la mahindi sokoni Kibaigwa, na kukubaliana ni mbuzi yupi atauzwa kwanza.