Pamba ya Simiyu na ahadi ya Arusha

Msimu wa kuuza pamba ukifika, familia ya Shishiyu, wilayani Maswa mkoani Simiyu, hutandika turubai uani na kuchambua kwa mikono: pamba safi huku, pamba fifi kule. Mzigo hupelekwa kwenye chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), ukapimwa, kisha ukaenda kiwandani kutenganishwa nyuzi na mbegu. Mbegu hukamuliwa mafuta. Nyuzi nyingi husafirishwa nje zikiwa marobota, kwa bei inayofuata soko la dunia. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini Tanzania, lakini minadani Maswa na Bariadi wateja wanagombea mitumba.

Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mjini Arusha kuachana na mitumba ndani ya miaka 3, ili viwanda vya nguo vya kanda vipate soko. Kwa mkulima wa pamba, ni maazimio machache ya Jumuiya yaliyowahi kumgusa kiasi hicho.

Azimio hilo halikudumu. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa nguo chakavu wa Marekani walipeleka malalamiko kwa serikali yao, na msamaha wa ushuru wa AGOA, sheria ya Marekani inayoruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru, ukawekwa rehani. Kenya, yenye viwanda vingi vinavyoshona nguo za kuuza Marekani, ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilibaki peke yake na ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo ya mitumba. Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo.

Wanazuoni wa siasa wamebishana kuhusu miungano ya namna hii. Ernst Haas, akiichunguza Ulaya ya makaa ya mawe na chuma mwaka 1958, aliona kwamba ushirikiano katika sekta moja huvuta sekta nyingine. Andrew Moravcsik alikuja kusema tofauti: kila serikali hufika mezani imebeba maslahi ya wenye nguvu nyumbani kwake. Katika suala la mitumba, Moravcsik ndiye aliyeona mbali. Wenye viwanda vya kushona walisikika. Wakulima wa pamba, pamoja na wingi wao, hawakusikika.

Tangu Julai 2022 Jumuiya ina kiwango cha ushuru cha asilimia 35 kwa bidhaa kadhaa kutoka nje, nguo zikiwemo. Hiyo ni hatua ya kweli. Tatizo ni kwamba kila msimu wa bajeti nchi mwanachama inaweza kuomba kutumia kiwango chake yenyewe kwa mwaka mmoja. Kiwanda cha kusokota nyuzi huchukua miaka mingi kurudisha mtaji, na ni vigumu kumshawishi mwekezaji akijenge Maswa kwa ulinzi unaojadiliwa upya kila mwaka.