Taa za Nje za Trela Lililoegeshwa Kambini

Ndugu viongozi wa kambi, na ninyi familia zilizoacha makwao,

Mara nyingi mnatuuliza kwa nini trela linalobaki kambini kama ghala huwa gizani usiku, na hali lina taa pande zote. Sababu yake si ngumu. Trela halina umeme wake. Taa zake hulishwa na gari linalolivuta, kupitia plagi ya pini 7. Gari likiondoka, umeme nao umeondoka.

Sisi wenyewe tulikosea katika jambo hili, nasi tunalisema ili wengine wasikosee. Tuliunga taa za trela moja kwa moja kwenye betri ya gari lililotumika kupeleka wagonjwa. Watu walifurahia mwanga, wakaleta na simu zao kuchaji mpaka usiku wa manane. Alfajiri akaletwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, na gari likakataa kuwaka. Vijana walilisukuma hadi likawaka, na mama akafika salama. Lakini asubuhi maneno yalikuwa makali: watu wa upande wa juu waliwashtaki wa upande wa chini kwamba wao ndio waliomaliza umeme. Kosa lilikuwa letu, si lao, na tuliomba msamaha mbele ya mkutano.

Basi sheria ya kwanza ni kwamba taa za kambi ziwe na betri yake, na betri ya gari iachwe kwa kazi ya gari.

Fundi aanze kwa kuuliza kama ni volti 12 au 24, maana malori mengi makubwa hutumia 24, na taa ya 12 huungua papo hapo. Kisha asiamini rangi za waya kwa macho. Katika plagi za Ulaya za pini 7, waya wa kurudishia umeme ni mweupe. Mweusi ni taa nyekundu ya nyuma kushoto, kahawia ni ya kulia, nyekundu ni breki. Wengi hudhani mweusi ndio wa kurudishia, na hapo fyuzi hukatika. Tena matrela yetu mengi yamepita mikononi mwa mafundi wengi, kwa hiyo kila waya upimwe kwa taa ya majaribio.

Taa za ubavuni ndizo zinazotufaa. Waya unaozilisha ukatwe, uwekwe swichi ya njia mbili yenye kituo cha katikati: upande mmoja gari, katikati zimezimwa, upande wa pili betri ya trela. Kwa njia hiyo umeme wa betri hauwezi kurudi kwenye plagi wala kwenye gari. Taa za breki na za kuonyesha kona zisiguswe kabisa. Hizo ni za barabarani, na zinalinda maisha ya watu.

Fyuzi ya ampea 5 iwekwe kwenye waya wa chanya, shubiri moja tu kutoka betri. Ikiwekwa mbali, waya ukichunika kabla ya kuifikia utawaka bila kuzuiwa, na mahema ya turubai hayangoji. Huko Goma, penye mawe ya Nyiragongo ya mwaka 2002, waya haufukiki kirahisi na mawe huuchuna. Upitishwe ndani ya bomba la mpira.

Sasa hesabu, nayo ifanywe mbele ya watu wote. Betri ya ampea-saa 70 isitumiwe zaidi ya nusu, yaani 35, la sivyo itakufa mapema. Balbu 2 za zamani za wati 21 hula ampea 3.5, kwa saa 12 za usiku ni 42, zaidi ya kiasi tulichonacho. Taa 2 za LED za wati 6 hula ampea 1 kwa jumla, yaani 12 kwa usiku mzima. Kinachobaki si cha simu. Kinatunzwa kwa siku za mvua, kama betri inachajiwa kwa jua.

Betri ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Watu wa Kivu wanaijua mazuku, inayolala mabondeni. Hii ni kinyume, hupanda juu na kukusanyika chini ya paa. Kwa hiyo betri ikae mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara.

Kuhusu taa ielekee wapi, waulizwe kwanza akina mama na wasichana. Kitabu cha Sphere cha 2018 kinataka choo kisipite mita 50 kutoka makazini. Taa ya trela haifiki huko. Huonyesha mwanzo wa njia tu, kwa hiyo msiwaahidi zaidi. Ielekezwe chini, isimulike ndani ya hema la mtu.

Swichi ishikwe na watu 2, mmoja kutoka kila upande wa kambi, na angalau mmoja awe mwanamke. Gari likija kulivuta trela, hao ndio wanaorudisha swichi upande wa gari, na dereva ahakikishe taa za nyuma zinawaka kabla ya kuondoka.