Mwalimu mwanagenzi na kibarua cha kufundisha sanaa

MWALIMU mwanagenzi anayefanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi wadini Sarang'ombe, Kibera, huenda akatakiwa kufundisha somo ambalo yeye mwenyewe hakufundishwa ipasavyo.

Wengi wa walimu hao ni zao la mfumo wa 8-4-4. Mtaala uliporekebishwa mwaka 2002, sanaa haikutahiniwa katika KCPE, na mara nyingi vipindi vyake vilitwaliwa na Hisabati au Kiingereza. Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo Januari 2003, madarasa yalifurika, Shule ya Msingi ya Olympic mtaani humo ikiwemo.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, uliipa sanaa uzito mpya. KCPE nayo ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023.

Jambo la kwanza analojifunza mwanagenzi ni kwamba uigizaji si burudani ya siku ya wazazi tu, bali ni mbinu ya kufundishia. Wanafunzi wawili wakiigiza mchuuzi na mteja katika soko la Toi, darasa zima, hata likiwa limejaa, hukokotoa chenji na kusahihisha lugha.

La pili ni vifaa. Asiye na mwana aeleke jiwe: makaa huchora, maboksi na vifuniko vya chupa huunda.

La tatu ndilo gumu zaidi: kutokipokonya kipindi cha sanaa mitihani inapokaribia. Akikitoa, atakuwa amewarithisha wanafunzi wake pengo lile lile alilorithishwa yeye.