Vimeng'enya, Watumishi Wasioonekana

Katika sehemu nyingi za Tanzania akina mama hutengeneza togwa. Mama hupika uji mzito wa mahindi au wa mtama, huuacha upoe kiasi, kisha hutia ndani yake unga kidogo wa kimea, yaani nafaka iliyoloweshwa ikaota, ikaanikwa na kusagwa. Haupiti muda mrefu ila uji ule mzito huwa mwepesi, na ladha yake huwa tamu, ingawa hakuna mtu aliyeongeza maji wala sukari. Yako na mambo mengine ya namna hiyo. Nyama ngumu ikipakwa utomvu wa papai bichi hulainika upesi, na unga wa ngano uliokandwa kwa hamira huumuka.

Watu walifanya kazi hizi tangu zamani sana pasipo kujua sababu yake. Kinachogeuza uji na kulainisha nyama ni kitu kiitwacho kimeng'enya. Kimeng'enya ni kidogo mno, hata kwa darubini ya shuleni hakionekani, nacho kimo katika kila chenye uhai: katika mti, katika mnyama, katika mwanadamu, na hata katika vijidudu viitwavyo bakteria. Kazi yake ni kuharakisha mageuzi ya vitu. Kimoja hukata wanga ukawa sukari. Kingine hukata protini. Kingine hukata mafuta. Kila kimoja kina kazi yake, wala hakiingilii kazi ya mwenzake, kama vile ufunguo wa sanduku moja usivyofungua sanduku jingine. Tena kimeng'enya kikiisha kukata hakipotei, bali huachilia kilichokatwa na kushika kingine. Ndiyo sababu kimea kidogo huweza kugeuza chungu kizima cha uji.

Lakini watumishi hawa wana udhaifu wao, na kubwa ni moto. Atakaye kuhakikisha neno hili na achukue vikombe viwili vya uji mzito uliopoa mpaka ukawa vuguvugu. Katika kimoja atie kimea kibichi. Katika cha pili atie kimea kilichokwisha kuchemshwa vizuri katika maji kidogo. Uji wa kwanza utalegea. Wa pili utabaki mzito, kwa kuwa vimeng'enya vyake vimekwisha kuharibiwa na moto.

Katika mwaka wa 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walitoa katika kimea cha shayiri kitu kilichogeuza wanga kuwa sukari. Hicho kilikuwa kimeng'enya cha kwanza kutengwa. Baada yao wenye elimu walibishana kwa miaka mingi. Wengine walishika kwamba sukari haiwezi kuchachuka pasipo chembe za hamira zilizo hai. Hata mwaka wa 1897 Mjerumani Eduard Buchner aliitwanga hamira pamoja na mchanga, akaikamua, akapata maji yasiyo na chembe hai. Alipoyatia katika sukari, sukari ikachachuka vile vile. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1907. Kisha katika mwaka wa 1926 Mmarekani James Sumner alitoa kimeng'enya katika maharagwe ya namna moja, akaonyesha kwamba ni protini. Wengi hawakumsadiki, lakini mwaka wa 1946 naye alipewa tuzo hiyo.

Neno hilo la Sumner lina maana kubwa. Protini yafanana na uzi mrefu wa shanga, na shanga zake ni za namna 20. Uzi huo hujikunja na kujiviringa hata ukawa donge lenye umbo lake maalumu, na katika donge hilo pana kishimo kinachoenea kile kitu kitakachokatwa. Ushanga mmoja ukibadilishwa na kuwekwa wa namna nyingine, mara nyingi donge huharibika, au hakuna tofauti inayoonekana. Lakini mara chache kimeng'enya huwa bora kuliko kwanza. Katika mara hizo chache ndipo ilipoanza kazi ya kuvitengeneza vimeng'enya ili vifae zaidi kwa matumizi ya watu.

Kazi ya kufua nguo yaonyesha jambo hili waziwazi. Madoa ya damu, ya maziwa na ya mayai ni ya protini, nayo hushika nguo sana. Mwaka wa 1913 Mjerumani Otto Röhm alipata haki ya uvumbuzi wa kufua kwa vimeng'enya vilivyotolewa katika kongosho za wanyama. Wazo lake lilikuwa jema, ila vimeng'enya vile vilizoea tumbo la mnyama, si maji ya sabuni na magadi, basi kazi yake ikawa hafifu. Ilipata kuwa nzuri mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati kampuni ya Novo ya nchi ya Denmark ilipoanza kuuza kimeng'enya kilichotoka katika bakteria. Hicho kiliyavumilia maji makali ya sabuni, na bakteria wake waliweza kuoteshwa kwa wingi katika mapipa makubwa.

Lakini faida ile ilikuja na madhara. Vimeng'enya vilitiwa katika sabuni vikiwa vumbi laini, na watu waliofanya kazi viwandani walilivuta vumbi hilo. Baadhi yao wakashikwa na pumu. Habari hizo zilitangazwa na madaktari mwaka wa 1969, na watu wengi wakaogopa. Ndipo viwanda vilipolazimika kuvifanya vimeng'enya kuwa punje zilizofunikwa kwa ganda, vumbi lisiruke, na kuwalinda wafanyakazi wao. Ganda lile huyeyuka katika maji ya kufulia.

Ilibaki shida nyingine. Sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nayo dawa hiyo huviua vimeng'enya. Kimeng'enya kimoja cha kufulia, kiitwacho subtilisini, kina shanga 275. Wataalamu waliona kwamba udhaifu wake umo katika ushanga wa 222, ambao huharibiwa na dawa ile kama vile chuma kinavyoliwa na kutu. Lakini je, ni nani awezaye kushika ushanga mmoja katika uzi usioonekana na kuutoa?

Njia ilipatikana katika jeni. Jeni ni kama maandishi yaliyo ndani ya kila chembe hai, yanayoamuru shanga zipangwe namna gani. Mwaka wa 1978 Michael Smith na wenzake, huko Vancouver katika Kanada, walionyesha jinsi ya kubadili herufi moja tu ya maandishi hayo mahali wanapotaka. Basi katika mwaka wa 1985 David Estell, Thomas Graycar na James Wells, huko California, walitangaza kwamba wameuondoa ule ushanga wa 222, wakaweka mahali pake namna zote 19 nyingine, moja baada ya moja, na kuvijaribu vimeng'enya vilivyopatikana. Vingine viliistahimili dawa. Nguvu zake zilikuwa pungufu kuliko za kile cha asili. Lakini palipokuwa na dawa, cha asili kilikufa upesi, navyo viliendelea na kazi.

Hata hivyo, njia hiyo yamfaa mtu anayejua ni ushanga gani wa kubadilisha. Mara nyingi hakuna ajuaye. Nao uzi wa shanga 275 waweza kupangwa kwa namna nyingi kupita hesabu ya chembe zote za mchanga wa pwani zote duniani, wala hakuna awezaye kuzijaribu zote.

Mmarekani Frances Arnold alifuata njia iliyo ya kale kuliko viwanda vyote, ambayo ni njia ya mkulima. Mkulima hajui mambo yaliyofichika ndani ya punje ya mahindi. Huyatazama mahindi yake wakati wa mavuno, huchagua magunzi yaliyo bora, huweka punje zake kuwa mbegu, na mwaka wa pili huchagua tena. Arnold alifanya vivyo hivyo kwa kimeng'enya. Aliacha jeni ipate mabadiliko ya bahati nasibu, akaitia katika bakteria, akawaotesha katika visahani vyenye protini ya maziwa. Kimeng'enya kilicho dhaifu hakikuleta tofauti. Kilicho hodari kiliimaliza protini iliyokizunguka, pakaonekana duara angavu katika weupe wa kisahani. Bakteria wa duara kubwa ndio waliochaguliwa, jeni yao ikabadilishwa tena, wakachaguliwa tena.

Mwaka wa 1993 alitangaza matokeo. Alikuwa amekitia kimeng'enya cha jamii ya subtilisini katika maji yaliyochanganywa na kiowevu kikali cha viwandani, ambamo cha asili huishiwa nguvu karibu zote. Katika mchanganyiko huo, kile kilichochaguliwa kilifanya kazi mara 256 zaidi ya cha asili. Mwaka wa 2018 alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya kemia, na nusu ya pili wakagawana watu wawili. Tangu hapo njia yake imetumika katika viwanda vingi.

Faida yake huonekana katika beseni la kufulia. Katika nchi za baridi watu walizoea kufua nguo kwa maji ya digrii 60 au zaidi, na kuyapasha moto maji hayo kulitumia makaa au umeme mwingi. Kwa vimeng'enya vilivyotengenezwa vizuri, nguo nyingi hutakata katika maji ya digrii 30. Hata hivyo mfuaji na akumbuke mambo mawili. Asitie sabuni hiyo katika maji yanayochemka, maana ataviua vimeng'enya alivyovinunua. Tena asifulie nguo za sufu wala za hariri, kwa kuwa sufu na hariri zenyewe ni protini, navyo vimeng'enya havijui kutenga doa na nguo.

Mwokaji mikate naye ana haja zake. Mkate uliookwa leo ni laini. Baada ya siku chache huwa mgumu na kupukutika. Wengi hudhani sababu yake ni kukauka tu, lakini hata mkate uliofungiwa vizuri ndani ya kopo huwa mgumu. Sababu kubwa imo katika wanga. Wanga ukiiva ndani ya tanuri hulegea; ukiisha kupoa, matawi yake huanza kushikana tena na kujipanga, na mkate ukawa mgumu. Kimeng'enya kikizikata ncha za matawi hayo kidogo tu, hayashikani upesi, na mkate hudumu laini kwa siku nyingi zaidi.

Lakini wakati wa kazi hiyo ni mfupi. Kimeng'enya kinachotoka katika kuvu ya kawaida hufa katika tanuri kabla wanga haujaiva, hata hakipati nafasi ya kutosha. Kile cha bakteria wazoeao moto mwingi huishi mpaka mkate umetolewa, nacho huendelea kukata hata ndani ya mkate ukawa wa kunata kama gundi. Kinachotakiwa ni kile cha katikati, kinachofanya kazi wakati wanga unapoiva, kisha kinakufa kabla mkate haujatoka. Kimeng'enya cha namna hiyo kilipatikana, na mafundi wamekibadilisha shanga zake ili kifae zaidi, kwa mfano katika unga mchachu. Hivyo mikate michache zaidi hutupwa, nayo ngano iliyolimwa kwa jasho haipotei bure.

Hata hivyo fundi haanzi na mkono mtupu. Sharti kwanza apate kimeng'enya cha asili kilicho karibu na haja yake, ndipo akirekebishe. Kwa sababu hiyo watafutao vimeng'enya vya kufulia waliyakumbuka maziwa ya magadi ya Kenya, kama vile Nakuru na Bogoria. Maji yake ni makali kama maji ya sabuni, na kando ya Bogoria ziko chemchemi zinazochemka. Bakteria wanaoishi mahali kama hapo wana vimeng'enya vilivyozoea ukali tangu mwanzo.

Hapo ndipo lilipozuka shauri la haki. Mwaka wa 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilidai kwamba vijidudu vilivyochukuliwa katika maziwa hayo vimetumiwa ng'ambo kutengeneza vimeng'enya vya kufulia na vya kulainisha nguo za jinzi, wala nchi haikupata fungu lake. Mwaka wa 2007 shirika hilo lilifanya mapatano na kampuni ya Novozymes ya Denmark juu ya kutafuta na kutumia vijidudu vya Kenya kwa faida ya pande zote mbili. Kisha mwaka wa 2010 mataifa mengi yalikubaliana huko Nagoya, katika Japani, kwamba faida itokayo katika viumbe vya nchi igawanywe kwa haki na nchi hiyo. Mkataba huo ulianza kutumika mwaka wa 2014. Tangu zamani wachimba magadi walijua thamani ya chumvi ya maziwa yale. Sasa imejulikana kwamba hata tope lililo chini ya miguu ya flamingo lina mali ndani yake, nayo ina wenyewe.