TUKAGUE INJINI KABLA YA KUPANDA MLIMA



Kutoka Mbamba Bay kwenda Mbinga ni kupanda. Ziwa Nyasa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,200. Lami imefika, lakini mlima haukuondoka.

Land Cruiser nyingi za zamani zina injini ya petroli ya silinda sita. Mojawapo ni 2F ya lita 4.2, iliyoanza mwaka 1975. Ni injini imara. Adui yake ni joto.

Kwa nini? Silinda zake sita zimepangwa mstari mmoja, kwa hiyo kifuniko chake cha juu, yaani silinda hedi, ni kirefu. Maji yakikauka, kifuniko hupinda na gasketi huungua.

Basi, injini ikiwa bado baridi, tufanye haya:

1. Tufungue rejeta. Maji yawe yamejaa.
2. Tuchomoe kijiti cha oili, tupime. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Gari lisiondoke!
3. Tubonyeze mkanda wa feni. Ukilegea ukazwe, ukichanika ubadilishwe.
4. Tuandike kwenye daftari tarehe na kilomita kila tunapobadili oili.

Mshale wa joto ukipanda njiani, tusimame, tuzime injini, tungoje ipoe. Anayefungua rejeta ya moto hujiunguza. Anayemwaga maji baridi kwenye injini ya moto huipasua.

Pengine gari hilo limembeba mama mjamzito anayewahishwa hospitali. Je, alale mlimani kwa sababu ya ndoo moja ya maji?