Sura ya 5: Nyundo, Gogo na Bati la Alumini

Zamani gari la kifahari lilinunuliwa mara mbili. Kiwanda kiliuza chasisi yenye injini, giaboksi na magurudumu, bila mlango wala paa. Mnunuzi aliipeleka kwa fundi wa bodi, na huyo ndiye aliyeamua gari litakuwa na sura gani. Nchini Italia mafundi hao walijaa Torino na Milano, na miaka 20 iliyofuata Vita Kuu ya Pili iliwapa sifa ambayo hakuna aliyewapokonya.

Kazi yenyewe fundi wa tole (bati) wa Kadutu, Bukavu, angeitambua mara moja. Kwanza liliundwa umbo la gari zima kwa mbao au nondo nyembamba, ili kila kipande cha bati kipimwe juu yake. Bati lilikuwa la alumini, unene wake milimita moja na kitu. Fundi aliligonga kwa nyundo ya mbao juu ya gogo lililochimbwa shimo, au juu ya mfuko wa ngozi wenye mchanga, hadi likabonyea na kutoa mviringo. Kisha akasawazisha mabonde kwa nyundo bapa, huku akipapasa kwa kiganja, kwa sababu mkono hugundua kasoro ambayo jicho limeipita.

Alumini ikigongwa sana hukakamaa, na ikishupaa hupasuka. Dawa yake ni moto, lakini moto huo una hatari: chuma huiva kwa kubadilika rangi, alumini haikupi onyo, huyeyuka ghafla. Kwa hiyo fundi hupaka bati masizi kwa mwali wa asetilini wenye moshi, kisha hulipasha kwa mwali safi. Masizi yakiungua yote, bati limelainika. Hapo moto huondolewa. Sijui kipimajoto cha bei nafuu zaidi.

Karakana ya Touring ya Milano ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1936 iliweka hataza ya mfumo wa Superleggera: mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa kufuata umbo la gari, na alumini ikavikwa juu yake. Bodi ikawa nyepesi sana. Ferrari 166 MM iliyovikwa bodi na Touring ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1949. Adui wa mfumo huo alikuwa unyevu, kwani chuma na alumini vikigusana penye maji, alumini huliwa.

Kwa uzuri mtupu, mimi naiweka mbele Cisitalia 202 ya Pinin Farina, ya mwaka 1947. Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York liliionyesha mwaka 1951, na baadaye likaimiliki.

Kilichoiua kazi hii hakikuwa uvivu. Viwanda vilianza kuunganisha bodi na chasisi kuwa kitu kimoja. Fiat ilifanya hivyo kwa Fiat 1400 mwaka 1950. Pasipo chasisi tupu sokoni, fundi hana pa kujenga. Touring ilifunga milango mwaka 1966.

Kwetu Afrika chasisi tupu bado inauzwa. Nairobi, mabasi na matatu mengi huanza kama chasisi ya lori la Isuzu. Mafundi wa hapo huchomelea mabomba ya mraba, huvika bati, hufunga viti na vioo. Kenya imeweka kiwango cha taifa cha bodi za mabasi, kwa kuwa bodi dhaifu ikipinduka huua. Barabara ya Bukavu kwenda Uvira, yenye miteremko yake, inadai uangalifu uleule.

Basi shule za ufundi za Bukavu ziwafundishe vijana kufua bati, si kuziba matundu tu. Gogo, nyundo na gesi vinapatikana mjini. Wazee wanaojua kazi wapo karakanani. Waitwe wafundishe wakiwa bado na nguvu.